Alisema Ziwe Laini

Simu ililia Vasta akiwa mlangoni anachambua maharage, na kwa kuwa mumewe hakuwa na desturi ya kwenda na simu karakana, akaipokea yeye. Yowasi alikwisha kuua simu mbili kwa vumbi la chuma. Hii ya tatu ilikaa nyumbani Bulembia chini ya ulinzi wa mkewe, na kila mteja aliyemtaka fundi alianza kwanza kwa kumsalimu Mama Benon.

"Allo? Iko kwa fundi Yowasi?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Ni kwake. Mimi mke wake."

"Ah, mama, jambo. Miye Esperance, bibi ya Katembo wa Bwera. Papa alituma ile meno ya jiliwa na mutu wa pikipiki. Ilifika?"

"Ilifika jana."

"Bon. Papa anasema hivi: ile meno, fundi aifanye ikuwe laini. Laini kabisa. Umesikia, mama?"

"Laini kabisa. Nimesikia."

"Merci. Mungu akubariki."

Hawakusema zaidi ya hapo. Nalitaja mapema, kwa sababu baadaye watu wengi walijitia kusahau: kati ya wanawake hawa wawili hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyeongeza chumvi.

Katembo alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Alivuka mpaka kutoka upande wa Butembo mambo yalipochacha huko, akafungua kibanda chake Bwera, akaendelea na kazi aliyoizoea. Yeye na Yowasi wangeweza kabisa kuelewana kwa lugha ya mlimani, maana Kinande na Kikonzo ni watoto wa tumbo moja. Lakini asubuhi ile Katembo alikuwa ameshika nyundo, akampigia mkewe kelele kutoka ndani: "Ambia ule fundi meno ikuwe lisi!" Lisi ni neno walilolitoa kwa Wafaransa. Maana yake ni kitu kisicho na mikwaruzo, ukipitisha kiganja hakikwami. Esperance alikulia Bunia, lugha ya mlimani hakuijua, akaona wazi kwamba watu wa Uganda nao hawaijui lisi yake. Akatafuta neno la Kiswahili la kumfaa Mganda, akalipata: laini. Nani angemlaumu? Shati lililopigwa pasi ni laini. Shavu la mtoto ni laini. Bahati mbaya hata matoke, zile ndizi za kupikwa, yakiiva vizuri ni laini.

Naye Vasta alikuwa mwangalifu. Nyumbani kwao walisema Kikonzo, lakini ujumbe wa chuma aliuogopa, hakutaka kuugeuza asije akauharibu. Akauhifadhi kwa Kiswahili vilevile ulivyokuja, na alipompelekea mumewe chakula akautua mbele yake mzima.

"Mke wa Katembo anasema ziwe laini. Laini kabisa."

"Sawa," Yowasi akasema, akanawa mikono.

*

Karakana ya Yowasi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, karibu na stesheni ya reli ambayo treni zilikwisha kuisahau. Ndani mlikuwa na kerezo moja dogo la kuzungushia chuma na mashine moja ya kuchonga chuma, kuukuu, rangi yake ya kijani imebaki pembeni tu. Mashine hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wao na ndiyo iliyoezeka nyumba. Toka Kasese mpaka mpakani hapakuwa na fundi mwingine wa kujitegemea mwenye mashine ya namna hiyo, na Yowasi alilijua hilo vizuri mno.

Jiliwa ni ile taya ya chuma iliyofungwa mezani, inayobana kitu wakati fundi anakikata au anakigonga. Meno yake ni vipande viwili vya chuma cha pua vinavyofungwa kwa skrubu, na uso wake huwa na mistari mikali ili kitu kisiteleze. Meno ya Katembo yalikuwa na mistari mikali kupita kiasi. Kila akibana kipande cha shaba, kilitoka kimetafunwa. Alichotaka ni mistari hiyo iondolewe, uso ubaki bapa.

Yowasi alielewa upesi kwamba mistari iondoke. Akafunga jino la kwanza, akawasha mashine, akashusha kisu taratibu. Kisu kilipiga ukelele mmoja mbaya, kikavunjika ncha. Akabadilisha kisu, akapunguza mwendo, na cha pili nacho kikafuata mwenzake. Meno yale yalikuwa yametiwa ugumu na mafundi wa kiwandani huko yalikotoka, na visu vya Yowasi havikuwa vya kubishana nayo.

Akafanya kama mafundi wote maskini wafanyavyo. Aliwasha makaa, akavukuta mpaka vipande vikawa vyekundu, akavifukia ndani ya jivu vipoe polepole. Chuma kikipoa hivyo hulegea. Kesho yake kisu kilikata bila ugomvi. Uso ukatoka bapa na wenye kung'aa, Yowasi akapitisha kidole gumba juu yake na kutabasamu peke yake.

Ilibaki hatua moja. Chuma kilicholegezwa kwa moto lazima kirudishiwe ugumu wake: kiwe chekundu tena, kizamishwe ndani ya mafuta, kisha kipashwe moto kidogo ili kisivunjike kama kioo. Na hapo ndipo palipokuwa na donda la Yowasi. Mwaka uliotangulia alizamisha gia ya mteja mmoja wa Munkunyu, ikalia ta! ndani ya mafuta, ikatoka na ufa. Mteja yule alimtukana mbele ya watu mpaka wauza chapati wakaja kusikiliza. Tangu siku hiyo Yowasi aliliogopa pipa lake la mafuta. Sasa meno haya mazuri yamekamilika, hayana hata doa, je yakipasuka?

Vasta alipoingia na chakula alimkuta amesimama, jino moja mkononi.

"Mama Benon, yule mwanamke alisema nini hasa?"

"Alisema ziwe laini."

"Hakusema ziwe ngumu tena?"

"Alisema laini kabisa. Lakini simu hii hapa. Mpigie Katembo mwenyewe umuulize."

Yowasi aliitazama simu. Akajua kabisa, kama ajuavyo jina lake, kwamba meno ya jiliwa inayogongewa nyundo kutwa nzima hayawezi kuachwa malegevu. Akakumbuka pia kwamba wapo mafundi wanaotumia meno malegevu kwa kazi za upole, na akalishikilia wazo hilo kwa mikono miwili.

"Si amesema laini? Basi ni laini anazozitaka."

"Baba Benon, kupiga simu kuna kazi gani? Muulize tu."

"Nyamaza. Mambo ya chuma unayajua wewe?"

Vasta akanyamaza. Akafungua sufuria, akampakulia. Jioni ile meno yalifungwa ndani ya gunia, yakapewa mwenye pikipiki, yakaenda Bwera.

*

Msimu wa kahawa ulipopamba moto, simu ililia tena. Safari hii Esperance hakusalimu. Alikuwa analia, na maneno yalitoka vipande vipande. Katembo alibana shafti, ule mhimili wa chuma wa mashine ya kukobolea, akaigonga ili kuinyoosha. Meno yalikwisha kubonyea katikati kwa kugongwagongwa, yakawa yanashika kitu kwa pembeni tu. Shafti iliruka. Ilimpiga mkono wa kushoto uliokuwa juu ya ukingo wa meza. Hospitalini walimkata vidole viwili.

Vasta alikwenda karakana bila hata kuvaa viatu vizuri. Yowasi alimsikiliza, akazima mashine, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Vidole vipi?" aliuliza.

"Sijui. Sikuuliza vidole vipi. Vya mtu."

Wakaitwa Bwera.

*

Kikao kilifanyika barazani kwa Kosiya, mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya kukohoa ambaye hakupenda kesi ziende polisi, kwa sababu polisi kesi haziishi. Wanaume walikalia viti na mabenchi. Wanawake walikalia mikeka. Katembo aliwekwa kwenye kiti cha mbao chenye mto, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Yowasi kwa heshima, na heshima ile ilimuumiza Yowasi kuliko tusi.

Mzee mmoja mfupi, mwuza kahawa wa Nyakiyumbu, alianza kwa ukali. "Huyu mutu ya Kasese iko na mashine. Mwenzake hana mukono. Sasa mukono itarudi? Mashine iuzwe, huyu apate kitu ya kula na watoto wake."

Watu wengine wakaguna kukubali. Yowasi aliiona mashine ikipakiwa kwenye lori, na yeye na mkewe wamesimama mlangoni mwa chumba kitupu.

"Polepole," Kosiya akasema. "Kwanza tujue. Fundi, wewe ulifanya nini na hiyo meno?"

"Nilifanya kama nilivyoambiwa, mwenyekiti. Niliambiwa yawe laini."

Katembo akainua kichwa. "Laini? Miye sikusema laini. Nilisema lisi."

"Lisi ni nini?"

Katembo akapitisha kiganja chake kizima juu ya mkono wa kiti. "Njo hivi. Isikuwe na mikwaruzo. Lakini ngumu, ikuwe ngumu."

Kosiya akageuka kwenye mikeka. "Nani alipeleka hiyo maneno?"

Ndipo wanawake wawili wakasimamishwa. Esperance akaeleza kwamba lisi aliigeuza ikawa laini. Vasta akaeleza kwamba laini aliipokea ikiwa laini, akaifikisha ikiwa laini. Mtu mmoja akacheka, na wa pili akacheka, na kicheko kikaenea mabenchi yote. Kilikuwa kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Hapana fundi aliyekosa! Hapana mashine ya kuuzwa, hapana udugu wa mlima mmoja kuvunjika. Ni neno tu, na neno walilichukua wanawake.

"Mnaona?" Kosiya akasema akipangusa macho. "Kazi ya wanaume ikipita kwa mudomo ya bibi, inafika imeoza. Hii kesi imekwisha. Hawa wamama wapige magoti, waombe huyu muzee musamaha. Fundi atatengeneza tena hiyo meno, bure. Tumemaliza."

Esperance alipiga magoti mara moja, akalia kwa sauti. Vasta alichelewa. Alisimama pale, leso imefungwa kiunoni, akamtazama mumewe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. Angeweza kusema mwenyewe, "Nilimwambia apige simu." Maneno yalikuwa yamefika kooni. Lakini mke hamuumbui mumewe mbele ya watu, hivyo ndivyo alivyolelewa, na zaidi ya hapo aliamini kwamba Yowasi atasema.

Yowasi alitazama viatu vyake.

Vasta akapiga magoti juu ya saruji. "Papa Katembo, nisamehe."

"Inuka, mama," Katembo akasema haraka, kama mtu aliyeungua. "Inuka. Hakuna neno. Inuka."

Vasta hakulia. Alijipangusa vumbi, akarudi kwenye mkeka wake. Yowasi akapewa yale meno mawili ndani ya gunia.

*

Habari za namna hii hazihitaji kupewa nauli. Kabla wiki haijaisha zilikuwa sokoni Kasese, na Vasta akapata jina jipya.

"Mama Laini! Maharage yako leo ni laini au lisi?"

"Mama Laini, nikikutuma kwa bwana wangu utafikisha nini?"

Waliomtania hawakuwa watu wabaya. Gorret, aliyeuza dagaa kwenye meza ya jirani na aliyemsaidia siku nyingi, ndiye aliyecheka zaidi. Vasta alitabasamu na kupima maharage yake. Lakini kwaya ya kanisa aliacha kwenda, akisema kifua kinambana, na nyumbani alianza kuiacha simu juu ya kabati ikilia mpaka ichoke.

"Mbona hupokei?" Yowasi aliuliza.

"Ni simu yako."

"Wateja watapotea."

"Wakipotea mdomoni mwangu itakuwa vibaya zaidi."

Alipika, alifua, alimwamkia. Hakumnunia hata siku moja, na hilo ndilo lililomkosesha Yowasi raha. Mwanamke akinuna unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa hana la kubembelezewa, ameketi tu ndani ya nyumba yake kwa adabu kama mgeni anayesubiri jua lichomoze aondoke.

Meno ya Katembo yalikaa ndani ya gunia, chini ya meza. Kila siku Yowasi aliyasogeza kwa mguu. Hatimaye akayatoa. Alinyoosha uso uliobonyea, akawasha makaa, akavukuta. Chuma kikawa chekundu. Alikikamata kwa koleo, akasimama mbele ya pipa la mafuta, jasho linamtiririka mpaka machoni, akakizamisha. Mafuta yalichemka na kutoa moshi. Akasubiri ile sauti ya ufa. Haikuja. Akazamisha cha pili. Akavipasha tena kidogo mpaka rangi ya majani makavu ilipotokea, akaviacha vipoe, kisha akachukua tupa ya kukwangulia chuma na kujaribu ugumu wake. Tupa iliteleza juu yake bila kuuma.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Vasta alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba.

"Yamekubali," Yowasi akasema. "Hayakupasuka."

"Ilichukua muda gani?"

Yowasi hakulitegemea swali hilo. "Mchana mmoja," akajibu.

"Mchana mmoja."

Alilirudia taratibu. Akamaliza ndizi aliyokuwa ameishika, akaiweka kwenye maji, akachukua nyingine. Yowasi akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wakiwa wachumba.

"Mama Benon. Nilijua."

"Ulijua lini? Baadaye?"

"Siku ileile. Uliponiambia nipige. Nilijua hayafai kuachwa hivyo. Niliogopa yatapasuka kama ile gia."

"Na pale kwa Kosiya? Nilipopiga magoti?"

"Niliogopa wataiuza mashine."

Vasta aliweka kisu chini. Macho yake yalikuwa makavu. "Mimi unaniambia nini? Mimi nayajua hayo yote, nilikuwepo. Utayapeleka haya meno wewe mwenyewe, Jumapili, nami nitakuja. Utayasema pale pale, kwa watu walewale."

"Wakiitaka mashine?"

"Waichukue. Nitauza maharage."

*

Jumapili baada ya ibada Kosiya alikuwa barazani kwake na wazee wale wale, wanakunywa chai. Katembo alikuwepo. Bendeji ilikwisha kuondolewa, na mkono wake ulionekana mwembamba, ngozi changa inang'aa mahali pa vidole. Esperance alikuwa mkekani na Vasta akaenda kukaa karibu naye. Yowasi aliyaweka meno mezani. Wanaume wakayapitishia viganja, wakasifu.

"Hii njo lisi!" mzee wa Nyakiyumbu akasema, na watu wakacheka.

"Mwenyekiti," Yowasi akasema, "nina neno."

"Sema, fundi."

"Ile siku nilidanganya. Sikudanganya kwa kusema. Nilidanganya kwa kunyamaza."

Kosiya akainua mkono. "Ah, ah. Fundi, kaa chini, kunywa chai. Hiyo kesi tulimaliza."

"Niache nimalize, mwenyekiti. Fundi hawezi kushindwa kujua. Meno ya kugongea nyundo yanatakiwa yawe magumu, hata anayeanza kazi anajua. Nilijua nayaacha malegevu. Hilo neno laini nililipenda kwa sababu lilinipunguzia kazi."

Hakuna aliyecheka. Kosiya alikunja uso. Hakufurahi, kwa maana kesi aliyoimaliza vizuri ilikuwa inafumuka mbele ya wageni. "Sasa unataka tufanye nini? Tuuze mashine?"

"Mkiona hivyo."

Wote wakamgeukia Katembo. Alikuwa ameinamia mkono wake. Esperance akasema kwa sauti ndogo kutoka mkekani, "Papa, na weye sema."

"Mashine abaki nayo," Katembo akasema. "Na miye nilijua." Akalichukua jino moja mezani. "Siku ile meno ilifika, nilipitisha tupa. Tupa ilikula. Nikaona: hii chuma iko bule, haina nguvu. Nilipashwa kuirudisha. Lakini kahawa ilikuwa mingi, watu walikuwa mulangoni, nikafunga hivyo hivyo. Nikasema nitairudisha kiisha msimu." Akamtazama mkewe, kisha akatazama chini. "Kisha nikaacha wamama wapige magoti. Nilikuwa naona aibu."

Mzee wa Nyakiyumbu alikohoa. Mwingine akachukua kikombe kilichokuwa kitupu, akanywa. Kosiya akajaribu kucheka. "Sasa, nyinyi mafundi! Tuwapigie hawa wamama magoti?" Kicheko chake kilikwenda peke yake, kikarudi.

"Bado sijamaliza," Yowasi akasema. Aligeuka, akawapa wazee mgongo, jambo lisilofanywa katika kikao, akawaelekea wanawake waliokaa mikekani. "Huyu mke wangu mnamwita Mama Laini. Mnasema aliharibu neno. Aliniambia nipige simu niulize. Aliniambia mara mbili, na simu alikuwa ameileta mkononi. Mimi ndiye niliyemwambia nyamaza."

Vasta, ambaye siku ile ya magoti hakutoa hata chozi, aliishika leso yake kwa mikono miwili, akajifunika uso, akalia. Alilia kwa sauti kubwa mbele ya wazee na chai yao, na Esperance akamshika bega. Chai ikapoa. Hakuna mwanaume hata mmoja barazani aliyethubutu kumwambia anyamaze.